Kisumu Iko Karibu Kuliko Embakasi

"Kamati ya maandalizi ya boma la Gachau, Gitothua, inawatangazia wageni wote, walioalikwa na wasioalikwa, kwamba viti vyeupe ni vya wazee, viti vya kijani ni vya wasio wazee, na kwamba kiti kikishakaliwa hakitahamishwa kwa sababu yoyote ile mpaka shughuli itakapofungwa rasmi. Ni mimi, Gachau wa Wainaina, mwenyekiti."

Tangazo hilo lilisomwa mara mbili kwa kipaza sauti, ingawa wageni waliokuwapo wangeweza kuambiwa kwa kunong'onezwa. Kamati yenyewe ilikuwa na mwanachama mmoja. Ninalinukuu kikamilifu kwa kuwa, kati ya yote yaliyosemwa Jumamosi ile katika boma lile la Ruiru, hili ndilo pekee lililotekelezwa.

Juma lililopita tulimwacha Ronny mbele ya mlango wa abiria wanaowasili, katika uwanja wa ndege wa Embakasi, akiwa na simu sikioni. Abiria wa Kisumu walikuwa wamekwisha kutoka, na baba yake mdogo, Mzee Wamalwa, hakuwa miongoni mwao. Kisha simu ya mzee ikapokelewa na mwanamume asiyemfahamu, aliyesema: "Mzee amechukuliwa. Wewe pumzika."

Ronny hakupumzika. Alipiga tena.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni dereva."

"Dereva wa nani?"

"Wa gari."

"Sikiza, bwana, usinichezee. Huyo mzee ni baba yangu mdogo. Nimesimama hapa tangu asubuhi. Ameshukia wapi?"

"Wilson, boss. Kwani wewe uko wapi?"

"Embakasi."

Kisha dereva akasema kwa upole unaoudhi kuliko tusi, "Pole sana. Hiyo ni eapoti nyingine."

Simu ikakatwa.

Msomaji aliyejiunga nasi leo anastahili maelezo mafupi. Ronny ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Ruiru. Anampenda Tabby, binti Gachau, ambaye anauza dawa katika duka la mjini humo, na Tabby anampenda. Hayo ni mambo mepesi. Jambo zito ni tawi.

Kwa mila ya Wagikuyu, ukoo unaomtaka binti hutanguliza ithigi, tawi linalochomekwa katika boma la baba yake. Likishasimama, hakuna mwanamume mwingine anayebisha hodi. Gachau alishikilia kwamba mkono wa kulichomeka uwe wa mzee wa upande wa baba wa mchumba, si wa mchumba mwenyewe, wala wa mwanamke. Baba yake Ronny alikwisha kufariki. Mkono uliosalia ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa Wamalwa wa Bungoma.

Gachau alimpa Ronny muda hadi saa sita mchana. Baada ya hapo, alisema, boma lingekuwa wazi kwa yeyote. "Yeyote" huyo alikuwa na jina. Aliitwa Kiama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika, na tangu asubuhi alikuwa ameketi ndani ya gari lake nje ya ua, pamoja na mjomba wake na tawi lililokatwa vizuri.

Saa sita haikuchaguliwa kwa bahati. Gachau ni karani mstaafu wa ofisi ya ramani. Alitandaza ramani ya Kenya mezani, akaweka rula kutoka uwanja wa Kisumu hadi uwanja wa Embakasi, akapata kilomita mia mbili na themanini hivi, akaamua kwamba ndege haihitaji saa nzima. Akaongeza kidogo kwa ajili ya foleni ya magari, kama mtu anayetia chumvi, na hesabu ikafungwa.

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege ni umbali usiomhusu mtu yeyote, kwa kuwa hakuna anayezaliwa, anayeoa wala anayezikwa katika uwanja wa ndege. Lakini rula haikumwambia Gachau hivyo, naye hakuwa na desturi ya kuuliza vitu visivyo na milimita.

Ronny aliingia katika pikapu aliyoazimwa na mwenzake wa kazini, gari lisilo na taa za nyuma, akampigia Tabby kabla ya kuliwasha.

"Umempata?" Tabby aliuliza.

"Ameshukia Wilson."

"Wilson? Si ulisema Embakasi?"

"Mimi niliambiwa Embakasi."

"Na nani?"

"Na aliyekata tikiti."

Tikiti ilikatwa na Ngendo, dada yake Gachau, mwanamke aliyejitokeza wiki tatu zilizopita kama mpatanishi wa koo mbili. Baadhi ya wasomaji waliniandikia kumsifu. Sikuwajibu.

"Tata Ngendo," Tabby alimtaja shangazi yake, kama mtu anayesoma jina kwenye chupa ya sumu.

"Kuna mtu amemchukua Baba mdogo kwa gari. Hataki kusema ni nani."

"Ni Kivuva," alisema Tabby. "Dereva wa Kiama. Kiama amekuja hapa leo akiendesha gari mwenyewe, na yeye hajiendeshi hata siku moja. Nilikuwa nashangaa dereva wake yuko wapi."

"Wanampeleka wapi?"

"Popote, bora si hapa. Ronny, kuja haraka."

Wakati huo huo langoni, vita vya aina nyingine vilikuwa vikiendelea.

Naliaka, shangazi yake Ronny na dada yake Wamalwa, muuza nguo za mitumba anayeishi Kiandutu, mjini Thika, alikuwa amesimama tangu asubuhi akiwa ameshika kamba mbili. Mwisho wa kamba hizo walikuwapo mbuzi jike na kondoo jike, ambao mila huwataka waandamane na tawi. Hakuwa amepewa kiti, cheupe wala cha kijani.

"Mama," Gachau alimwambia kutoka ndani ya lango, "wanyama wako wanakula ua wangu."

"Wanakula kwa sababu hawajakaribishwa. Hata mimi ningeanza kula ua, lakini nina adabu."

"Mzee wenu yuko wapi?"

"Njiani."

"Njia gani? Kisumu si Marekani. Ndege inaruka, inatua, haijachukua saa. Nimepima mwenyewe."

"Umepima ndege. Ndugu yangu hakulala ndani ya ndege. Ametoka Bungoma usiku, akakanyaga lami mpaka Kisumu, ndipo akapanda hiyo kitu yako ya rula. Na hiyo kitu haitui kwa lango lako, mzee. Au umejenga uwanja hapo nyuma ya choo?"

Wageni wawili wa viti vya kijani walicheka, wakajuta.

"Ningelijua mnakuja hivi," alisema Gachau, "ningelipima barabara ya punda."

"Pima. Lakini usisahau kupima na hiyo barabara ya kutoka moyoni mwako mpaka mdomoni, maana huko ndiko kuna foleni."

Gachau alimgeukia mwanamke mmoja kijana aliyeketi kwenye kiti cheupe, ijapokuwa umri wake haukumruhusu. Huyu alikuwa Bi Mbinya, naibu wa chifu, aliyealikwa kama mgeni wa heshima. Cheo kilimfanya mzee kwa siku hiyo.

"Bi Mbinya, unasikia mtu anavyonitukana langoni mwangu?"

"Nasikia, Mzee," alijibu Mbinya. "Lakini kwa sasa ofisi haina msimamo."

Ofisi haikuwa na msimamo kwa muda mrefu sana siku ile.

Ronny alikuwa amekwisha kuingia katika barabara ya pembeni ielekeayo Ruiru, akiwapita madereva kwa namna ambayo mtu mwenye busara haiandiki gazetini. Alipiga simu ya mzee kwa mara ya tatu. Safari hii aliyepokea alikuwa Wamalwa mwenyewe; simu yake ilikuwa ikichajiwa kwenye gari, naye alikuwa ameinyakua kabla dereva hajawahi.

"Mwanangu! Gari lako ni zuri sana. Dereva ananionyesha mji."

"Baba mdogo, hilo si gari langu. Mko wapi?"

"Sijui. Ni huku kwenye mananasi mengi."

Nyuma ya sauti yake Ronny alimsikia mwanamke akinadi mananasi kwa bei ya kutupa. Mananasi kandoni mwa barabara, mengi kiasi cha kumshangaza mzee wa Bungoma: hapo palikuwa Thika. Walikuwa wamekwisha kuipita Ruiru.

"Baba mdogo, mwambie asimame. Shuka!"

"Lakini tumepita kwa dada yangu mara mbili. Naijua ile kanisa ya mabati, nilikuja Krismasi. Mara mbili, na huyu kijana hataki kuingia! Mtu anapita aje mlango wa dada yake bila kumsalimia? Wewe kijana, simama hapo!"

"Baba mdogo, Senge Naliaka hayuko nyumbani! Yuko—"

Simu ikakatwa. Safari hii aliyeikata alikuwa mzee, kwa kubonyeza asipopajua.

Nimekwisha kuwaonyesha hila ya Kiama. Sasa tazameni jinsi bahati ilivyompa zaidi ya alivyopanga. Kivuva alikuwa ameagizwa kuzunguka na mzee mjini Thika mpaka saa sita ipite, bila kumgusa, bila kumwambia uongo mkubwa. Mzee alipodai ateremshwe kwa dada yake, Kivuva hakubisha. Aliagizwa kumweka mbali, na hakuna mahali palipo mbali na Gitothua kama mlango uliofungwa wa mtu aliyeko Gitothua.

Alimfungulia mlango kwa heshima zote, akampa mfuko wake mdogo, akaondoka.

Huku Gitothua, Tabby alikuwa ametoka ndani. Alivaa nguo ile ile aliyoishonesha kwa ajili ya siku hii, na uso ambao haukushonwa kwa ajili ya siku yoyote. Alisimama katikati ya ua, mbele ya viti vyeupe.

"Tata Ngendo," alisema kwa sauti ya wote, "tikiti ya mzee ulikata ya kushukia wapi?"

Ngendo alikuwa akipanga vikombe. Hakuacha.

"Nairobi."

"Nairobi wapi?"

"Nairobi ni Nairobi. Kwani kuna ngapi?"

"Ulikata ya Wilson, ukamwambia Ronny aende Embakasi. Halafu ukamwambia Kiama atume Kivuva."

Vikombe vikaacha kulia. Gachau akamtazama dada yake, naye Ngendo, pengine kwa kuwa uongo wake ulikuwa mzito kuubeba pamoja na sinia, akaliweka sinia chini.

"Ndiyo," alisema. "Nilifanya. Na nikirudishwa jana nitafanya tena. Mnanitazama nini? Huyu nilimlea mimi, mama yake alipolala. Nyinyi mnafikiria harusi. Mimi nafikiria siku akiugua, nitafikaje? Siku akijifungua? Na siku akifa, mtamzika wapi? Bungoma! Nitakuwa napanda nini kwenda kung'oa magugu kwa kaburi la mtoto wangu? Kiama ako hapo Thika. Nikiamka nikiwa na wasiwasi, kabla ya chai nimefika."

Haya ni maneno ya mtu mwovu kwa siku moja na mwenye upendo kwa miaka ishirini, na sheria yetu haina kipengele cha kuyatenganisha.

"Tata," alisema Tabby, "Ronny anaishi Ruiru. Analala nyuma ya stesheni. Ni karibu kuliko Thika."

"Mwanamume haishi anapolala. Anaishi anapozikwa."

"Basi hata wewe huishi hapa bado."

"Tabby!" Gachau alifoka.

"Baba, mimi nina swali moja tu. Saa sita uliipima mpaka uwanja gani?"

Gachau alinyooka. Swali lilikuwa la kitaalamu, na ya kitaalamu hakuweza kuyakataa hata kwa adui.

"Embakasi."

"Na mzee ameshukia Wilson. Kwa hivyo kipimo chako si cha safari hii. Ni cha safari ya mtu mwingine. Saa sita yako haina msingi."

Naliaka, langoni, aliacha kuwavuta wanyama. Hata Kiama aliteremsha kioo cha gari. Gachau alikunja uso, akaingia ndani, akatoka na ramani na rula, akavitandaza juu ya meza ya keki mbele ya watu wote. Alipima. Akafuta miwani, akapima tena.

Kwa muda huo mfupi Tabby aliamini kwamba amemshinda baba yake kwa silaha ya baba yake.

"Una haki," alisema Gachau. "Nilikosea. Wilson iko magharibi ya Embakasi. Iko karibu zaidi na Kisumu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ndege ilitakiwa kufika mapema zaidi. Mgeni wenu amechelewa kuliko nilivyodhani."

Akakunja ramani.

"Ngai fafa," alinong'ona mtu wa viti vya kijani.

"Baba, amechelewa kwa sababu ameibwa!"

"Mimi sikumwiba. Mimi nilipima."

Kiandutu, Ronny alimkuta baba yake mdogo ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mlango wenye kufuli, mfuko magotini. Majirani walikuwa wamempa chai. Alikuwa ametulia kabisa.

"Panda gari, Baba mdogo. Saa sita inafika."

"Namngoja dada yangu. Nimebisha, hajafungua."

"Senge yuko Gitothua! Amesimama langoni na mbuzi tangu asubuhi, anatukaniwa wewe!"

Mzee alimtazama kwa makini.

"Anatukanwa na nani?"

"Na baba ya Tabby."

Wamalwa aliinuka. Goti lake la kushoto halijainuka vizuri tangu alipoanguka kutoka kwenye trekta, lakini hasira ina dawa zake.

"Mbona hukuniambia hivyo kwanza? Unaniambia habari za saa!"

Walikuwa wamefika Juja redio ya pikapu ilipotangaza saa sita kamili. Ronny aliizima.

Gitothua, saa sita ilitangazwa na Gachau mwenyewe kwa kipaza sauti. "Muda wa upande wa kwanza umekwisha. Boma liko wazi."

Kiama alishuka. Ni mtu mnene wa sauti ndogo, asiyemchukia mtu yeyote, na hilo ndilo linalomfanya awe wa hatari. Alimpita Naliaka kana kwamba ni nguzo.

"Habari, mama."

"Habari ya asubuhi ni mbaya, mwizi wa wazee."

"Ni mchana sasa," alisema Kiama. "Hata saa hamwijui."

Mjomba wake alimfuata, tawi mkononi. Karibu na lango, kwa ndani, Gachau alikuwa ameagiza kichimbwe kishimo kidogo, kwa vipimo, ili tawi lisimame wima. Mzee yule alianza kukiendea kwa hatua za mtu asiye na haraka.

Tabby alikitazama kishimo. Akaitazama safu ya viti vyeupe. Kisha akachukua kimoja kilichokuwa kitupu, akakibeba mbele ya wazee wote, akakiweka juu ya kishimo, miguu minne ya plastiki kukizunguka, akaketi.

Mjomba wa Kiama alisimama, tawi likiwa hewani.

"Toka hapo," alisema Gachau.

"Siwezi, Baba."

"Nimesema toka!"

"Umetangaza mara mbili. Kiti kikishakaliwa hakitahamishwa kwa sababu yoyote ile. Na kilikuwa hakijakaliwa nilipokibeba."

"Hicho ni kiti cha wazee!"

"Basi nimezeeka. Nimezeeka leo asubuhi, nikiwaangalia."

Kutoka langoni Naliaka alipiga kigelegele kimoja, kirefu, cha vita. Ngendo akamjibu kwa neno ambalo mhariri amelikataa. Kiama, kwa sauti yake ndogo, alisema kwamba yeye angengoja. Kwamba binti angeinuka wakati fulani, kwa kuwa binadamu ana mwili. Na kwamba mjomba wake, mkulima wa miaka mingi, alikuwa na miguu imara. Mjomba akajongea, akasimama sentimita chache kutoka bega la Tabby, tawi likielekezwa chini kama mkuki wa mvuvi asiye na pupa.

Ndipo pikapu iliposimama nje kwa kishindo.

Ronny aliingia akiwa amemshika mkono baba yake mdogo, na katika mkono mwingine wa mzee lilikuwamo tawi lao, lililokwisha kunyauka kwa kuzungushwa ndani ya pikapu, Ruiru hadi Embakasi hadi Thika na kurudi. Wamalwa alimpita dada yake, akamgusa kichwa, akasimama mbele ya Gachau.

"Wewe ndiwe unayemtukana dada yangu?"

"Umechelewa," alijibu Gachau.

"Nimeuliza jambo moja, umejibu lingine. Ndiyo maana ramani zenu hupoteza watu."

Lakini Ronny hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameona kiti, na kishimo chini yake, na mzee wa Kiama aliyesimama kando yake. Akaelewa yote kwa pamoja. Muda wa upande wake pekee ulikuwa umekwisha; sasa tawi la kwanza kuingia ardhini ndilo tawi. Tabby akiinuka, mjomba wa Kiama angehitaji kukunja kiwiko tu. Wamalwa, kwa goti lile, angehitaji kuvuka ua mzima.

"Usiinuke," alimwambia.

"Siinuki," alisema Tabby. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini mikono yake ilikuwa imeshika kingo za kiti kwa nguvu. "Mlete karibu."

Wamalwa alipiga hatua. Kiama naye akapiga hatua, akasimama katikati ya njia, bila kumgusa mtu. Ronny akamshika ukosi. Viti viwili vya kijani vilianguka. Vya wazee havikuanguka. Mbuzi alikata kamba akaingia chini ya meza ya keki, na ramani ya Kenya ikamfuata.

"Bi Mbinya!" Gachau aliita. "Serikali iko hapa au haiko?"

Naibu wa chifu aliinuka, akakumbuka tangazo, akaketi tena, akaamuru kila mtu abaki alipo. Alisikiliza. Ngendo alisema lake, Naliaka akasema lake, Gachau akataja magharibi ya Embakasi. Kivuva, aliyekuwa amerejea kimya kimya na gari la pili la tajiri wake, alisimama nje akipangusa vumbi kwenye milango.

"Nikikuomba tu mimi mwenyewe," Tabby alimwambia Mbinya, "si unaweza kuniuliza ninamtaka nani? Ndiyo swali peke yake ambalo hakuna mtu ameuliza leo."

"Nimelisikia ombi lako," alisema Mbinya, akafungua kalamu. "Halimo katika mambo niliyoletewa."

Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma:

"Ofisi ya naibu wa chifu, baada ya kuwasikiliza wahusika wote, imeamua kwamba tangazo la viti lilitolewa kihalali na litaheshimiwa, kwamba kiti kilichoko langoni hakitahamishwa, wala aliyekikalia hatashurutishwa kuinuka, na kwamba matawi yote mawili yataendelea kushikwa na wenyewe. Kwa kuwa mgogoro huu umetokana na umbali kati ya uwanja wa ndege wa Kisumu na viwanja vya Nairobi, kamati ndogo inaundwa ili kuupima upya, safari hii kwa barabara, kwenda na kurudi. Mwenyekiti wa kamati atakuwa Bi Ngendo, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu wa tikiti. Mzee Wamalwa ataandamana na kamati kama shahidi, kwa kuwa ndiye peke yake aliyesafiri. Kwa kuwa pikapu ya kijana haina taa za nyuma, kamati itatumia gari la Bwana Kiama na dereva wake, na itaondoka sasa hivi. Mjomba wa Bwana Kiama hakupanda ndege yoyote. Kwa hivyo yeye si shahidi, na anaruhusiwa kubaki alipo."